Nesi wa Jumatatu na Kopo la Amla

Jumatatu, 4 Machi
Nesi kaleta sare zake tano nyeupe, kama kila Jumatatu. Kasema anahamishwa. Ijumaa atazichukua kwa mara ya mwisho. Nikajibu sawa. Sawa! Miaka miwili nampigia pasi, na neno lililonitoka ni hilo.

Binamu yangu, tunayemwita Msitu kwa ajili ya nywele zake, alizichana mbele yake makusudi. Mimi nina upara mtupu. Ila siku nne zinatosha kuotesha chochote.

Jumanne, 5 Machi
Muuza dawa za asili kaniuzia unga wa amla, tunda chachu la Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi. Nipake nusu saa, nisuuze, nivumilie miezi sita. Miezi sita natoa wapi? Nikamsikia akimweleza mteja mwingine, mwenye mvi, aulaze kwenye kikaango cha chuma ili ukolee. Nimechukua cha shangazi. Yeye kaambiwa vijiko viwili, mimi nimetia kumi.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshinda na mfuko wa nailoni kichwani, nimejibanza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Nilipousuuza unga, kichwa cheusi tii, kuanzia nyusi hadi kisogoni. Unywele, hata mmoja hakuna. Shangazi, mwenye duka hili la dobi, kauliza nani kakiharibu kikaango chake. Msitu kacheka mpaka kaunguza kola ya mtu.

Alhamisi, 7 Machi
Muuza dawa kasema habari ya chuma hakuniambia mimi, ile ni ya kutia mvi weusi. Kweli. Kanipa ritha, matunda makavu yanayotoa povu la kuoshea nywele. Povu limeniingia machoni. Weusi umebaki palepale, macho yamevimba kama maandazi.

Ijumaa, 8 Machi
Msitu alikuwa kapeleka mizigo, kwa hiyo shangazi kanisukuma kaunta. Nesi akaingia. Akanitazama, akaniita kaka, akauliza kama mimi ni mgeni hapa. Nadhani weusi ule ulionekana kama nywele zilizonyolewa chini, na uvimbe wa macho ulinibadili sura.

Akamuulizia yule mwenye upara. Kasema kila Jumatatu, akitoka zamu amechoka, alikuwa akikiona kichwa kile kinang'aa dirishani na moyo unatulia. Kasema anajua ni nani aliyekuwa akimshonea vifungo vilivyokatika bila kuombwa. Miaka miwili alingoja aalikwe japo chai. Basi nimfikishie salamu.

Nikasema sawa.

Niliona aibu kusema ni mimi. Nimemsindikiza kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa hayafunguki. Moyo unaniuma, naandika bila haya. Kifungo chake kimoja bado kimo mfukoni mwangu, nilikuwa nakitafutia uzi wa kufanana.

Jumapili, 10 Machi
Nimemkumbuka tangu asubuhi. Weusi umefifia, upara umerudi. Shangazi kasema niache ujinga nimwandikie leo hii, anwani mpya aliiacha kwenye daftari la wateja.

Shangazi ana akili sana. Nitaandika. Lakini si na kichwa hiki. Nimeagiza makopo mawili ya amla, safari hii nafuata maelekezo, kijiko kwa kijiko. Miezi sita si mingi. Septemba nitakuwa na nywele za kuchana, ndipo nitamtumia barua, na picha ndani yake, ili anitambue vizuri.