Mlima Unaoanza kwa Kushuka

Jumatatu, 29 Septemba

Safari hii Muriuki haponi!

Mambo yako hivi. Senge Tapkigen (senge kwa Kinandi ni shangazi) amewasili kutoka Kapsabet kumtembelea Chepngetich, binti wa kaka yake. Chepngetich ni nesi, ana macho ya upole, na mimi nampenda kupita kiasi. Muriuki naye anampenda. Muriuki ni mhasibu, ana ofisi katikati ya Sydney na kitambi cha heshima. Mimi naendesha foklifti kwenye ghala karibu na Port Botany. Ukoo umempa Senge kazi moja: atuangalie sote wawili, kisha apeleke neno nyumbani. Neno la senge si mchezo. Shangazi akikataa, hata ulete ng'ombe wa kujaza boma, unarudi nao.

Jana baada ya ibada nikatupa ndoano. Nikasema baridi imekwisha, maua yamechanua, tumpeleke Senge Blue Mountains. Matembezi ya kutwa. Muriuki akakubali kabla sijamaliza. Maskini! Mtu anayepanda lifti kwenda ghorofa ya pili! Mimi ni Kipchumba. Ni jina la wanariadha, lenyewe linakimbia. Ni kweli nimezaliwa mjini, Buruburu, na shuleni siku ya riadha nilikuwa naumwa tumbo. Lakini damu ni damu.

Jumatano, 1 Oktoba

Muriuki amenunua viatu vya mlimani, fimbo mbili na kofia yenye kamba. Picha ameituma kwenye grupu la kanisa. Sifa zimemiminika! Mimi nikatuma picha ya raba zangu. Aliyejibu ni Owuor peke yake, ninayeishi naye hapa Fairfield. Aliuliza kama zina soli.

Owuor amenishauri nifanye mazoezi. Nimekataa. Mazoezi ni ya watu wasio na kipaji.

Ijumaa, 3 Oktoba

Akili ni mali!

Tumekutana kwa Chepngetich kupanga mizigo. Senge hataki kusikia habari za sandwichi. Amesema mtu hapelekwi mlimani na mkate wenye majani katikati. Amepika ugali, mbuzi na sukuma, amejaza thamosi mbili za chai, na mursik, maziwa yetu ya mgando, ameitia kwenye dumu la plastiki. Vyote begi moja. Nilijaribu kulinyanyua. Yesu wangu!

Ndipo ubongo ukafanya kazi. Nikasema mbele ya Senge, kwa unyenyekevu, kwamba wanaume tugawane kwa haki. Muriuki abebe wakati wa kupanda, mimi nibebe wakati wa kushuka. Senge akaniita kijana mwenye busara. Muriuki akanitazama, akatabasamu, akanipa mkono. Tabasamu lile sikulielewa, wala sina haja nalo. Mbuzi akipanda mlima, anapanda na Muriuki. Wakati wa kushuka atakuwa tumboni mwetu, nami nitabeba sufuria tupu huku nikipiga mluzi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Asubuhi tulipanda treni pale Central. Treni ikapanda, ikazidi kupanda. Nikafurahi kwamba inatusogeza karibu na mlima. Tukashuka Katoomba, tukatembea hadi ukingoni, nikautafuta mlima kwa macho. Hakuna mlima! Kuna shimo! Bonde lisilo na mwisho, misitu huko chini kabisa, na ukungu wa buluu. Nikamuuliza Chepngetich mlima uko wapi. Akasema tumesimama juu yake. Huku watu huanza kwa kushuka, jioni ndipo wanapanda kurudi.

Mlima gani huo? Nchi hii Krismasi ni jua kali, Oktoba ndiyo maua yanachanua, na sasa hata milima wameipindua! Muriuki, kumbe alishakuja hapa na watu wa ofisini kwake, akanivisha begi mwenyewe. Akanifungia mikanda kifuani kama mtoto wa chekechea. Akasema mwanamume ni neno lake.

Ngazi za mawe, ngazi za chuma, kisha ngazi nyingine. Mursik ikavuja, ikanitiririka mgongoni, na nzi wa Australia wakapeana habari. Senge alitangulia na viatu vyake vya plastiki na mwavuli. Alipokuta ua jekundu kubwa kama ngumi, alisimama akalisalimia kwa Kinandi. Nakiri palikuwa pazuri. Maji yakidondoka, ndege akiiga sauti za ndege wenzake. Ningefurahi sana kama ningeweza kuinua kichwa.

Chini tukala. Nilikula kwa hasira, ili lile begi liishe. Katikati ya tonge nikashtuka: anayelibeba sasa ni Muriuki! Nampunguzia adui mzigo! Nikaisukuma sahani, nikasema nimeshiba, ugali uliobaki urudi nyumbani. Senge akasema chakula kilichotoka kwa furaha hakirudishwi jikoni. Akanijazia tena. Ningefanya nini? Hakimu mwenyewe ndiye ameshika mwiko. Nikala mpaka macho yakanitoka.

Kisha tukapanda. Muriuki mbele na begi tupu, akiimba mapambio. Mimi nyuma na mbuzi tumboni. Nilikaa kwenye kila benchi. Pasipo benchi nilikaa kwenye jiwe. Mwishowe nikakaa moja kwa moja, nikawaambia waniache hapo, wawe wananitembelea sikukuu. Chepngetich alicheka hadi akashikilia mwamba. Mimi pia nikaanza kucheka, na kucheka kukanimaliza pumzi iliyobaki.

Senge hakupoteza muda. Alivua leso, akanizungushia kiunoni, akafunga fundo, akavuta. Mama wa miaka sabini! Muriuki akaamriwa anisukume kwa nyuma. Alinisukuma kwa fimbo yake mpya, mkono wa pili ameshika simu. Wazungu walitupisha njia, mmoja akapiga makofi.

Kwenye treni Senge na Chepngetich walizungumza Kinandi njia nzima. Kipchumba, kicheko. Kipchumba, kicheko tena. Kinandi sikijui. Nimekwisha.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani sikuenda. Ngazi za jengo letu zimenishinda. Muriuki ametuma video kwenye grupu: mimi ndani ya leso, kama ndama anayepelekwa josho. Owuor haachi kuitazama. Nimemwomba angalau apunguze sauti.

Jumatano, 8 Oktoba

Chepngetich amepiga simu!

Senge ametoa neno. Muriuki ni mtu safi, ana kazi nzuri, lakini kutwa nzima alisifu viatu vyake, na alifurahia mno kuanguka kwa mwenzake. Mimi ni mzembe na nimeaibisha milima ya babu zetu. Ila nilikula bila kubakiza, na nilipochekwa nilicheka. Mume anayekubali kuvutwa, amesema Senge, atafika.

Halafu Chepngetich akashusha sauti. Akasema hajawahi kucheka hivyo tangu aje nchi hii. Akanikaribisha chai kwake Jumamosi. Senge atakuwa kwa mke wa mchungaji. Tutakuwa wawili tu.

Nikakaa chini. Kidogo nilie. Lakini mtu mwenye mipango hachezewi na furaha. Siwezi kuingia nyumba ile na doa la uzembe! Jumamosi hiyo hiyo kuna mbio za hisani za kupanda vilima, nimeshajiandikisha, na Muriuki pia yumo. Ushindi kwanza, chai baadaye. Nikamwambia sina nafasi.

Kabla hajajibu nikapata wazo kubwa kuliko yote. Nikamwomba chai hiyo amwalike Muriuki. Amkaangie mandazi, amkalishe mpaka jioni, asitoke kabisa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa! Akauliza tena, polepole. Nikamhakikishia tena.

Owuor amesikia yote kutoka jikoni. Ameshika kichwa. Wivu. Muriuki amekubali mwaliko papo hapo, kwenye mbio amejiondoa, hata hakuuliza kwa nini. Maskini, wengine huuzwa na tumbo.