Vita vya Kweli Ghalani

Kinanda alikuwa amekaa kwa fundi viatu, mguu mmoja soksi tupu na mwingine ndani ya kandambili ya kuazima, alipomsikia mtu mzima akifoka ng'ambo ya barabara.

"Mnaonekana! Mbona mnaonekana nyinyi?"

Mbele ya geti la ghala walinzi walikuwa wamejipanga mstari, wamevaa sare za rangi ya chai ya maziwa. Aliyekuwa akiwafokea alikuwa mzee mfupi mwenye tumbo la heshima, kofia ya kijeshi kichwani, fimbo kwapani.

"Jana mwizi kapita hapa, kamwona mlinzi amelala. Kamwonaje? Kwa sababu mlinzi alikuwa anaonekana!"

Walinzi wakaitikia kwa pamoja kwamba ni kweli. Neno usingizi halikutajwa na yeyote.

"Yule nani?" Kinanda akamwuliza fundi viatu.

"Mwenye ghala. Anauza televisheni, lakini ukimwita mfanyabiashara ananuna. Mwite Jenerali."

"Alikuwa jeshini?"

"Alikuwa jirani na kambi."

Kinanda akameza mate. Jina hilo la Kinanda alipewa kwa sababu ya mdomo wake: ubonyeze popote, unatoa wimbo unaoutaka wewe. Alishakuwa dalali wa viwanja ambavyo wenyewe walikuwa bado wanaishi humo, alishakuwa daktari wa kompyuta, na kwa majuma mawili yaliyojaa baraka alikuwa mchungaji. Hakungoja gundi ikauke. Alivaa kiatu kikiwa bado kinanata, akavuka barabara.

Ofisini kwa Jenerali kulikuwa na makochi yaliyofunikwa nailoni na ramani kubwa ya dunia iliyochomwa pini nyekundu, sijui kwa vita gani. Kinanda akajitambulisha kuwa mshauri wa mambo ya kujificha. Jenerali akamkaribisha kiti, nailoni ikalia.

"Nataka kombati za mabaka," Jenerali akasema. "Kama zile za jeshi."

"Ukiwavika za jeshi utakamatwa kabla ya chai ya saa nne. Halafu samahani, mzee wangu, nikuulize kitu. Yale mabaka ni ya majani na matawi. Hapa nje kuna mti?"

Jenerali akachungulia dirishani. Akaona ukuta, bati, nguzo ya umeme, na ukuta mwingine.

"Hakuna."

"Basi mlinzi wako akijipaka rangi ya majani pale, atakuwa kama fungu la mchicha katikati ya lami. Porini mtu hujificha kiporini. Mjini, mkuu, hujificha kimjini."

Jenerali akarudia maneno hayo taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akafungua droo iliyokuwa na pesa.

Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa na marobota ya kitambaa cha mapazia yasiyonunulika, alishona usiku na mchana. Zikatoka sare za rangi ya saruji chakavu, na mabaka ya kutu, moshi na matope ya magurudumu. Na kwa kuwa ukuta wa mjini hauwi ukuta bila maandishi, nusu ya walinzi waliandikwa mgongoni USIKOJOE HAPA, na nusu nyingine NYUMBA HII HAIUZWI.

Siku ya majaribio mlinzi mmoja alisimamishwa kando ya ukuta, akaambiwa asipumue kwa fujo. Akaja mtu na ndoo ya gundi na karatasi, anapiga mluzi. Akampaka mlinzi gundi kifuani, akambandika tangazo la chumba cha kupanga, akalilainisha kwa kiganja, akaenda zake. Mlinzi hakutikisika. Jenerali alitokwa na machozi.

"Hakumwona! Hakumwona kabisa!"

"Ameona ukuta tu," Kinanda akasema kwa unyenyekevu. Yule mbandika matangazo alikuwa ameshalipwa tangu asubuhi.

Mwingine angechukua faida ya mapazia akaondoka salama. Lakini tamaa haina breki, na Kinanda alikuwa ameshaliona ghala kwa ndani: makasha ya televisheni yamepangwa hadi darini, yamefungwa utepe, mapya, yanamwita kwa jina.

"Jenerali," akasema, "nguo bila mazoezi ni maonyesho ya mitindo tu. Jeshi lako limewahi kuvamiwa?"

"Bado."

"Unaona? Linatakiwa lionje. Nitaleta lori na vijana wachache, tuvamie ghala mchana kweupe. Mlinzi atakayepakwa chokaa amekufa. Aliyekufa hasemi, hasimami, hashiki simu, mpaka nipige firimbi. Tutapakia makasha kama wezi, tutazunguka, tutarudi, tutayashusha. Huo ndio uhalisia."

Kinanda alijiandaa kubembeleza. Haikuhitajika. Jenerali alilidaka lile neno uhalisia kama mtoto aliyeokota firimbi mwenyewe.

"Polisi tuwaambie?"

"Ukiwaambia, uhalisia umekufa."

"Kweli. Na kufuli msitumie ufunguo. Vunjeni!"

"Tutavunja."

"Na msivae vitambaa usoni. Mlinzi akiona mtu kajifunika atajua ni mchezo. Njooni na sura zenu. Na mimi je? Mimi nifungwe kamba kwenye kiti!"

Kinanda akamshukuru Mungu aliyewaumba wajinga wa kila saizi. Mji huo alikuwa amepanga kuuhama siku hiyo hiyo, basi sura yake ionekane, iagwe vizuri.

Lori lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Shemeji alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Akirudishiwa chenji iliyozidi alikuwa anageuza gari. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lililolisha nyumba, likasomesha watoto, likamzika mama mkwe.

"Shemeji, kazi hii ni halali?" akauliza.

"Ni maigizo, shemeji. Mwenye mali mwenyewe ameomba."

"Amekuambia kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Nenda kamwulize."

Shemeji akaenda akauliza kweli, maana ndivyo alivyo. Jenerali akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia nchi inamhitaji.

Jumapili alasiri vita vikaanza. Mlinzi wa kwanza alipakwa chokaa akiwa anakunywa chai, akauliza kama anaweza kumaliza kikombe kabla ya kufa. Akakatazwa. Wengine walikufa kwa bidii, mmoja akaanguka kwa mbwembwe hata akalazimika kuamka na kufa tena mahali pasipo na kokoto. Mmoja wao, wa USIKOJOE HAPA, akainua kidole.

"Mshauri, marehemu anaruhusiwa kujikuna?"

"Marehemu hajikuni."

"Kuna sisimizi."

"Ndiyo vita hivyo, kijana."

Kufuli likavunjwa kwa nyundo. Jenerali akafungwa kitini na Kinanda mwenyewe, naye akawa analalamika, "Kaza hapo! Hapo panacheza! Unaniibia au unanifunga kilemba?" Vijana wa kubeba mizigo, waliokodiwa sokoni, wakapakia makasha huku wakiguna, maana yalikuwa mazito. Uzito ule ulikuwa muziki masikioni mwa Kinanda. Walipomaliza aliwalipa vijana, akaitia firimbi mfukoni, akapanda mbele na shemeji, wakaondoka.

Wakapita mzunguko wa kwanza. Wakapita wa pili. Nyumba zikaanza kupungua.

"Shemeji," dereva akasema, "haya mazoezi yanaishia wapi?"

"Mbele kidogo."

"Mbele kidogo ni mji mwingine."

"Uhalisia, shemeji."

Shemeji akapunguza mwendo. Alikuwa anatafuta mahali pa kugeuzia lori walipokata kona na kukuta vizuizi, magari mawili ya polisi, na askari aliyewanyooshea mkono kana kwamba alikuwa anawasubiri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii iliishia kwenye pipa lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe.

Kasha la kwanza likafunguliwa. Matofali, yamefungwa magazeti. La pili, matofali. La tatu lilikuwa na matofali na jiwe moja la kusagia. Kinanda aliyatazama kwa mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mdomo huo haukutoa sauti.

Kituoni walimkuta Jenerali ameshafika, alama za kamba zinawaka mikononi, anamlilia mtu wa bima aliyevaa tai. "Wamezihamishia wapi televisheni zangu? Jasho langu lote!" Walinzi waliletwa kutoa ushahidi, bado weupe kwa chokaa.

"Mlikuwa wapi ghala likivunjwa?" akauliza afande wa zamu, mama mmoja mwenye kalamu sikioni.

"Tulikuwa tumekufa, afande."

"Mmekufa?"

"Ndiyo. Mpaka trafiki wa pale kona alipopuliza firimbi. Tukafufuka, tukamfungua mzee, akapiga simu kwenu."

Afande akaichukua kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

Alipoinuka kwenda kupokea simu, Jenerali aliinama karibu na Kinanda, machozi yamekauka ghafla kama bomba lililofungwa.

"Televisheni niliziuza zamani," akanong'ona. "Bima ilikuwa inataka mwizi mwenye sura. Nilihangaika kweli kupata mshauri."

Kinanda akaruka. Afande aliporudi akaanza kusema kweli, kweli tupu, yote, kuanzia mapazia hadi matofali. Na aliisema vibaya mno. Hakuwa na mazoezi. Aligugumiza, akaanzia katikati, akarudi nyuma, akasahau, akaapa mara mbili kabla hajaulizwa, jasho likamtiririka hadi kidevuni.

"Kwa hiyo mwenye mali alijiibia," afande akasema, "akajifunga kamba mwenyewe."

"Nilimfunga mimi! Ila yeye ndiye aliyesema nikaze!"

"Nimesikiliza waongo miaka mingi. Wewe hata hujitahidi."

Mtu wa bima akatikisa kichwa kwa huzuni, akampa Jenerali kitambaa cha kujifutia.

Hapo dada yake Kinanda akaingia. Alikuwa ametoka jikoni na kanga yake ya jikoni, unga bado kwenye viganja. Akamwona mumewe kwenye benchi, pingu mikononi, analia kimya kimya kama mtu anayeona haya kusumbua. Nje dirishani lori lilikuwa linafungwa mnyororo. Akamgeukia mdogo wake. Hakumtukana. Alimtazama tu, jinsi alivyokuwa akimtazama zamani alipokuwa anamwogesha naye anakataa sabuni.

Kinanda akakohoa. Akanyoosha shati. Jasho likakata.

"Afande," akasema, na sauti ikatoka laini, imenyooka, kama ile ya wakati wa uchungaji, "ngoja nikuambie ukweli sasa. Yule dereva simjui. Nilimsimamisha njiani, nikamwambia nahamisha vyombo vya nyumba. Alipotaka kushuka nikamwekea kisu ubavuni. Kisu nimekitupa mtoni, pale darajani. Alilia njia nzima, maskini, anawataja watoto wake."

Afande alikuwa ameshaanza kuandika.

"Unaona?" akasema bila kuinua kichwa. "Sasa ndiyo unaongea kama binadamu." Akamwita askari amfungue dereva pingu na kulifungua lori mnyororo.

Shemeji akasimama, akasugua mikono yake, akatazama huku na kule kwa mashaka ya mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

"Lakini afande," akasema, "kisu sikukiona. Na huyu si mtu baki, huyu ni shem..."

Mkewe akamkanyaga mguu kwa kisigino, akamshukuru afande kwa wema wake, akamkokota mumewe hadi mlangoni. Pale akageuka mara moja tu, akamwambia mdogo wake kwamba kesho atamletea sabuni.