Barking Yahamia Magharibi

Umoja wa Michezo wa Vyuo vya Jumamosi, London, unayo furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia tarehe mosi Novemba, mtaa wa Barking umehamia magharibi ya jiji. Wakaazi hawahitaji kufunga mizigo. Nyumba zitabaki zilipo na mabasi yatapita palepale. Kilichohama ni Barking yenyewe.

Nayaandika haya kwa wadhifa wangu. Mimi ni Bi Mwatima, mjane, na mwaka wa kumi na mbili huu ni Mlinzi Mkuu wa Mlango katika Umoja huo. Msaidizi sina, kwa hiyo ukuu wangu haujapata kupingwa.

Watoto wetu wa Kizanzibari wanasoma Qur'ani chuoni kila Jumamosi asubuhi. Wakishasali adhuhuri, wasichana wanacheza netiboli. Wanacheza ndani ya ukumbi wa kukodi, mitandio wameivua, mlango umefungwa. Mwanamume haingii. Simu haziingii, zinatiwa kwenye ndoo iliyo mbele ya miguu yangu, hata iwe ya mama wa mtu. Kwa sharti hilo ndipo wazazi wanawaruhusu. Kamati ya Umoja, wanaume saba, haijapata kuona mechi hata moja, na jambo hilo limewasaidia sana kuiongoza netiboli bila ya upendeleo.

Chuo chetu kilikuwa Kanda ya Mashariki, pamoja na Lewisham, tunaopigana nao vikumbo tangu mjukuu wangu Haifa hajaota meno. Kisha ikaja televisheni. Bi Shenaz wa Kenton, mtaa wa magharibi, mzaliwa wa Mombasa, ana stesheni yake ya mtandaoni. Alitaka mechi za Kanda ya Magharibi tu, kwa sababu wenye maduka wanaolipia matangazo wako huko. Fedha ilikuwa nzuri. Kamati ikakaa kikao kimoja na sahani mbili za sambusa, ikatuhamisha. Lewisham, iliyo kusini ya mto, ikapelekwa Kanda ya Kaskazini, kwa kuwa huko ndiko kulikobaki nafasi.

Niliomba kusema. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Muhiddin, akanipa dakika mbili.

"Mheshimiwa," nikasema, "mwezi wa Disemba jua linazama kabla ya saa kumi. Kenton kwenda na kurudi ni mwendo wa saa tatu nzima. Watoto watarudi gizani. Wazazi wameshaanza kuwatoa. Tulikuwa na wasichana tisa, wamebaki watano. Kanuni hairuhusu chini ya watano. Akitoka mmoja tena, timu hakuna."

"Hiyo, Bi Mwatima, inaitwa changamoto ya kipindi cha mpito."

"Sisi tunaiita kiza, baba."

Katibu, Bwana Harith, akapendekeza iundwe Kamati Ndogo ya Kiza. Ikaundwa. Baada ya wiki mbili ikaripoti kwamba kiza kipo, ila hakimo katika majukumu ya Umoja.

"Na jengine," nikasema kabla dakika zangu mbili hazijesha. "Hizo kamera."

"Kamera ni sera, bibi. Wewe ni mlango."

Mimi nimesoma mpaka la sita tu. Watu wenye vyeo wakishaniambia mimi ni mlango, najifunga.

Nyumbani, Haifa alikuwa akisubiri jawabu. Ana miaka kumi na minne na ndiye nahodha. Mama yake, binti yangu Zahra, alikuwa anavaa sare aende kazini kulea wazee.

"Mechi moja tu ya huko, mama," Zahra akaniambia. "Mtoto akirudi kiza kimeingia, ya pili hendi."

Haifa alisema kwa Kiingereza chao cha Barking kwamba hiyo si haki, akapanda kitandani na viatu.

Siku ya mechi ya Kenton nikakaa kwenye kiti mlangoni mwa ukumbi wao. Mpigapicha, kijana mwenye adabu anayeitwa Keyur, akaja na kamera mbili.

"Simu naweka kwenye ndoo, bibi," akasema. "Na kamera je?"

"Ikienea, weka."

Mara akafika Mheshimiwa Muhiddin ndani ya koti jipya la buluu lenye nembo ya Umoja. Fedha ya kwanza ya televisheni ilinunua makoti saba ya namna hiyo, ikaishia hapo.

"Fungua, Bi Mwatima. Tuko hewani."

"Nafungua, Mheshimiwa. Nakuarifu tu kwamba wasichana vichwa wazi. Na golini yumo binti yako."

Mwenyekiti alisimama. Uso wake ulifanya kikao. Kisha akageuka, akauegemeza mgongo mlangoni, akatanua mikono kama kipa.

"Hakuna kuingia," akamwambia Keyur.

Basi matangazo ya kwanza ya Kanda ya Magharibi iliyopanuliwa yakawa saa nzima ya mlango, na Mwenyekiti mbele yake. Bwana Harith alitangaza kwa kusikiliza. "Hiyo ni filimbi. Mpira umedunda. Kuna mtu kasema 'hapa'. Sasa kimya. Kimya kinaendelea." Watazamaji waliandika kwamba picha ilikuwa safi sana.

Wasichana wetu watano walifungwa na saba wa Kenton. Tulirudi Barking taa za barabarani zimeshawaka. Haifa aliikunja jezi yake mwenyewe, akaitia mtotoni mwa kabati, droo ya chini kabisa, kwenye nguo zisizomtosha tena.

Jumatatu Bi Shenaz akaja kwenye kikao cha Kamati na mkataba. Niliitwa kuandaa chai, nikasikia yote.

"Kifungu cha tisa," akasoma. "Kila wiki saa moja ya netiboli, wachezaji wakionekana, kwa misimu mitatu. Isipopatikana, fedha inarudi."

Wajumbe wakajiangalia makoti.

"Sasa nani atacheza?" akauliza Mwenyekiti.

"Mkataba unasema wanachama wa Umoja. Wewe si mwanachama?"

"Mimi ni Mwenyekiti."

"Kamatini mko wangapi?"

"Saba."

"Bi Mwatima," akanigeukia, "timu ya netiboli ni watu wangapi?"

"Saba, mwanangu," nikasema. "Mungu hakosei."

Kamati ya chuo cha Kenton nayo ilikuwa imetia saini karatasi ileile, kwa hiyo wapinzani walipatikana bila ya taabu. Wakacheza, suruali wamezichomeka kwenye soksi. Kanuni ya netiboli ni kwamba aliyeshika mpira hatembei nao, na lazima autoe kabla ya sekunde tatu. Kukaa palepale waliweza vizuri. Kuamua kwa sekunde tatu ndiko kulikowashinda. Bwana Harith aliudaka mpira akaomba uahirishwe. Tulifungwa thalathini na moja bila, na watu walitazama mpaka Pemba. Mama mkwe wa Mwenyekiti alipiga simu kutoka Wete kuuliza kama ile ni adhabu ya mahakama.

Wiki ya pili reli ilikuwa inatengenezwa, wakaunganisha mabasi matatu kufika Kenton. Wiki ya tatu Mheshimiwa Muhiddin akaja kwangu, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kochi. Magoti yamefungwa bandeji.

"Nasikia Haifa anaujua mchezo huu."

"Ni nahodha. Alikuwa."

"Anaweza kutufundisha?"

Nikamwita. Haifa akasikiliza, akajibu kwa Kiingereza, nami nikafasiri: atawafundisha kila Jumatano akitoka skuli, mtandio kichwani na bibi yake akiwapo. Lakini Barking irudi mashariki na Lewisham irudi kwetu.

"Hilo ni suala la muundo wa kanda," akasema Mwenyekiti.

Haifa akainua mabega, akaondoka zake. Mwenyekiti akajaribu kuinuka amfuate, magoti yakakataa.

"Basi mwite," akaniambia. "Mwite, na niletee kalamu."

Akaandika palepale: *Umoja, baada ya utafiti wa kina, umebaini kwamba Barking iko mashariki.* Haifa akaisoma, akaongeza maneno mawili kwa mkono wake: *wasichana tu*.

"Na Kamati je?" akauliza Mwenyekiti.

"Mkataba wenu ni wa magharibi, Mheshimiwa," nikasema. "Misimu mitatu."

Akatia saini.

Jumamosi iliyofuata Lewisham walikuja. Zahra alimleta mtoto mwenyewe, na nyuma yake wakaja wale wanne waliotolewa, mmoja mmoja, na mama zao. Tisa. Nilifunga mlango nikakaa. Ndani viatu vilikuwa vinalia sakafuni na Haifa anafokea watu.

Saa ileile Kamati ilipita barabarani kwenda stesheni ya treni, mikoba begani. Mheshimiwa Muhiddin akachechemea mpaka kwenye kiti changu, akainamisha kichwa.

"Tuombee, Bi Mwatima."

Nikainua mikono. Nilimuombea afya, nikamuombea umri mrefu, usiopungua misimu mitatu.