Saa Isiyojua Mlima wa Ojola

Lela, barabara ya Maseno
Jumapili, baada ya ibada

Kwa binti yangu mpendwa Sheryl,

KUH: SAA YA KUHESABU KALORI, NA UGALI WANGU

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima, na kuku wa marehemu mama yako wanataga vizuri, ingawa jioni bado wanakusanyika mlangoni pa jikoni kumngojea. Milka, anayenipikia siku hizi, ataipiga picha barua hii akutumie leo hii.

Nakuandikia kwa heshima kuhusu saa mliyoninunulia wewe na mkwe wangu Mburu baada ya matanga, daktari alipoitaja presha yangu. Kila jioni inawatumia huko Nairobi hesabu ya kalori nilizochoma kwa baiskeli. Zikiwa chache, unapiga simu, unamwagiza Milka apunguze ugali, kisha unaomba nipewe simu na kunihubiria afya mpaka chaji inaisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nikiteremka kwenda Kisian kununua samaki, saa inasema sijafanya kazi. Baiskeli ile ina breki moja, nayo hushika ikitaka. Nafika chini nimelowa jasho la woga. Naomba woga uhesabiwe.

2. Nikirudi, mlima wa Ojola naupanda kwa miguu nikiisukuma baiskeli, kama mtu yeyote mwenye akili. Saa inaandika kwamba natembea. Anayetembea hasukumi baiskeli yenye samaki, unga na lita tano za mafuta taa.

3. Watu hunisimamisha njiani kunipa pole. Siwezi kumpita Mama Apiyo kama lori. Nasimama, naelezwa jinsi mama yako alivyokuwa mtu wa watu, nami naitikia. Saa inasema napumzika. Sheryl, mwaka huu hakuna kazi iliyonichosha kama kupewa pole. Nimekadiria kwamba mtu mmoja ni sawa na kilima kimoja. Mzee Okinyi, kwa kuwa yeye hulia, ni viwili.

4. Saa iliuliza uzito wangu, haikuuliza nimezoea kubeba nani. Mama yako alikaa nyuma yangu kwenye keria miaka yote hiyo, amenishika mshipi. Kwenye mteremko alikuwa akifungua mwavuli, upepo unatuvuta nyuma, na hiyo ndiyo ilikuwa breki yetu ya pili. Kwa hesabu ya saa, sasa baiskeli ni nyepesi na mimi nachoma kidogo. Mimi ninayeikanyaga nasema imekuwa nzito. Naomba uzito wake urudishwe kwenye hesabu, na ugali wake pia.

5. La mwisho ni la aibu. Mburu ni mtu mwema, lakini wazee wetu hawakupenda hata wakwe watazamane wakila. Sasa mkwe wangu anaweza kulisoma tumbo langu akiwa ofisini. Kwa usawa, naye avae saa, hesabu iletwe kwangu, nami nitakuwa nikiamua chapati zake.

Kwa hivyo naomba ugali urudi ukubwa wa zamani, saa irudi dukani, na simu za kalori zikome kabisa. Nisiposikizwa nitalifikisha jambo hili kwa pasta, na ikibidi, kwa chifu.

Msalimie Mburu bila kumwambia namba tano. Msalimie mjukuu wangu Ivy, na jirani yenu Wamaitha aliyenitumia majani chai.

Ni mimi baba yako, mwenye njaa kidogo,
Zachariah Ooko

Tanbihi: Tafadhali saa isirudishwe. Wiki iliyopita nilichoma kalori nyingi kila siku, nanyi mkaridhika, na simu haikulia hata mara moja. Kwa hivyo tangu asubuhi nimeiegemeza baiskeli ukutani. Hata kanisani leo nimebebwa kwa pikipiki. Hesabu ya jioni itakuwa mbaya sana. Nitakuwa karibu na simu.