Vita vya Ufagio Uani kwa Adinani

Tegeni masikio, enyi wana wa Unyanyembe mliozaliwa kando ya njia ya misafara, na aliye jikoni aipue chungu, kwani habari hii haisikilizwi nusu! Ni habari ya Adinani wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, fundi cherehani, simba wa sindano, aliyepambana na ufagio wa dada yake.

Marehemu mkewe, Sikuzani, alichimba kiazi cha mmea porini Goweko, akakifukia uani, kivulini mwa ukuta. Kila mvua zilipoanza kilichipua, kikatambaa, kikawasha maua mekundu kama ndimi za moto. Hizi zilikuwa mvua za kwanza bila Sikuzani, na Adinani hakutaka ghanima nyingine duniani ila ua moja.

Lakini dada yake mkubwa, Bi Anifa, amiri jeshi wa usafi, aliyekuja kumtunza mfiwa, alifagia uani kila alfajiri. Chipukizi likiinua kichwa, fyu! Likijaribu tena, fyu! Likaanguka shahidi. Adinani alitazama dirishani. Nani amkataze dada aliyeacha nyumba yake kwa ajili yake?

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Majani yamejaa huku kama shamba la mvivu!"

Ndipo akamwendea jirani yake Nurdini, Mzaramo, mtani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara, akamfunulia siri. Nurdini alivuka uzio, akaunyakua ufagio mikononi mwa Bi Anifa, akaupeperusha kama bendera iliyotekwa.

"We Mzaramo mwizi! Rudisha!"

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wewe hata ufagio umekushinda?"

"Na babu zako walitungoja njiani watuibie chumvi!"

"Basi nimerithi. Fidia ya ufagio huu ni kona ile ya ukuta. Usiiguse mpaka niseme."

Mtani hanuniwi wala hanyimwi. Bi Anifa akacheka, mara ya kwanza tangu matanga, akakubali.

Kona ikaota magugu, aibu ya mtaa mzima, na katikati yake mmea ukapanda, ncha za majani zikijisokota kwenye nyuzi alizotundika Adinani. Asubuhi moja, mvua ilipokatika, Bi Anifa alipaza sauti.

"Adinani! Njoo uone, kona ya mtani wako inawaka!"

Akatoka mbio, futi shingoni. Ua moja, jekundu, lilikuwa limefunguka.

"Ndilo la wifi hili?" Bi Anifa aliuliza taratibu, alipoona nduguye anavyolitazama. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na ufagio, dada."

Basi vizazi vijue kwamba siku ile, Ng'ambo ya Tabora, uani hapakufagiwa, na ndugu wawili walisimama mbele ya ua moja mpaka chai ikapoa.