Maji Yanayoumwa

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa maabara, Daktari wetu, anastaafu. Nafasi wazi! Tumebaki wawili, mimi na mwenzangu Miwani. Daktari amesema cheo kitakwenda kwa atakayewapima kimelea chaza wa wiki hii kwa usafi zaidi. Usafi! Miwani hufuta meza hata kabla haijachafuka. Basi achafuliwe kidogo. Akili ni nywele, na mimi zangu hazijapungua.

Mpango ni huu. Kila tunapopima, kichupa kimoja huwekwa maji matupu. Mashine ikiona kimelea kwenye maji, mpimaji ndiye mchafu na kazi yote inatupwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimefanya! Miwani alipokwenda kunywa chai, nilichota tone la chaza mgonjwa, yule tunayemweka kwenye friji wa kulinganishia, nikalitia kwenye chupa yake ya maji. Nikajikuna sikio, nikarudi mezani kupima chaza wa shemeji, mume wa dada yangu. Dada amepiga simu tena. Chaza wao wakikutwa na kimelea, wote wanateketezwa na shamba linafungwa. Nimemwambia atulie, kazi iko mikononi mwangu.

Glavu zile zile. Sipendi ufujaji.

Jumatano, 6 Machi
Maji ya Miwani yana kimelea! Nilimpa pole mbele ya watu wote.

Halafu majibu yangu. Chaza wa shemeji wagonjwa, wote! Na maji yangu? Yanaumwa kuliko chaza. Nikiyataja maji, cheo kwaheri. Nikinyamaza, shemeji kwaheri.

Nimenyamaza. Amri ya kuteketeza imetoka, ni Jumamosi. Dada amelia kwenye simu mpaka sauti ikakauka. Nimeona aibu kubwa. Nimeshindwa kumaliza chakula, yaani kile cha mara ya pili.

Alhamisi, 7 Machi
Miwani halii, anachunguza. Anapitisha pamba kila mahali na kuitia mashineni. Meza yake, safi. Bomba, safi. Mlango wa friji, kimelea. Kitasa cha choo, kimelea. Kikombe changu, kimelea! Nimesema kikombe hicho huazimwa na wengi. Akaja na pamba mpya, Daktari nyuma yake, akanikuta najikuna sikio.

“Kaka, nigeuzie sikio.”

Nikamgeuzia. Ningefanyaje?

Ijumaa, 8 Machi
Sikio langu lina kimelea cha chaza. Daktari anasema hajawahi kuona, na ameona mengi. Akataka majibu ya maji yangu. Nikayatoa, na tone la Jumanne nikalitaja.

Miwani amewapima upya chaza wa shemeji. Wazima, kila mmoja! Amri imefutwa. Miwani ndiye mkuu wa maabara, mimi naosha vichupa mpaka atakaposema basi. Shemeji amemletea ndoo ya chaza. Mimi dada kaniletea ujumbe wa neno moja: “Kikulacho.” Sijui anamsema nani. Nadhani Miwani.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari sana na kosa nimeliona. Ni sikio. Nisingejikuna, nani angejua? Jumatatu narudi kwenye chupa yake ya maji, na hata nikiwashwa vipi nitavumilia. Glavu ninazo, zile za Jumanne. Bado nzima kabisa.