Pipa la Sifa

Jumatatu, 5 Novemba 1951
Mjomba Andrea ametoa neno. Jumapili baada ya misa ataonja nipa, gongo la kwetu, yangu na ya Romani. Atakayempendeza ndiye atakayemwoa mpwa wake, Stefania. Nampenda Stefania mpaka najisikia mjinga. Romani anaweka nipa yake kwenye kibuyu. Maskini! Mimi niliosha vyombo kwa meneja Mzungu wa shamba la mkonge kule Lindi, siri ya wiski naijua. Ikishachujwa ni kama maji tu. Rangi na utamu hutoka kwenye pipa, hasa lililowahi kuwekwa kitu kizuri.

Jumanne, 6 Novemba
Nimefika Kivinje, miguu imevimba. Nikamwamkia Mzee Mfaume, fundi wa majahazi, shikamoo, akaitikia. Ana pipa la mbao. Nikauliza lilikuwa la nini. Akasema hilo ni pipa la sifa, Kivinje nzima wanalijua. Akaniuliza mara mbili kama kweli nalitaka. Watu wa pwani wana uchoyo wa vitu vizuri. Nimempa jogoo wangu.

Alhamisi, 8 Novemba
Nipa imo pipani. Meneja alisema miaka kumi, lakini kwao ni baridi. Kwa jua letu siku tatu zinatosha. Dada yangu Veronika anadai kuna panya kafia humo. Hajawahi kufika Lindi, namsamehe.

Jumamosi, 10 Novemba
Rangi imekuja, ya dhahabu. Juu yanaelea matone ya mafuta. Nimepita kwa Romani makusudi, nikamshauri atafute mchumba mwingine mapema. Akanusa shati langu, akasogea kando.

Jumapili, 11 Novemba
Mjomba kapiga funda moja, akatoka nje. Aliporudi akauliza samaki huyu kafa lini. Nikamweleza kwa adabu kwamba pipa ni la sifa. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe huko pwani sifa ni mafuta ya papa, wanayopaka majahazi yasiliwe na wadudu. Stefania naye alicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Ataolewa na Romani. Nimelia njia nzima.

Jumatatu, 12 Novemba
Nimefikiri vizuri. Kosa ni la watu wa pwani na maneno yao. Kanuni ya pipa haina kasoro. Na Stefania ana mdogo wake, Lusia. Leo nimeokota pipa jingine, limetupwa na watu wanaotengeneza barabara ya serikali. Meneja alisema pipa bora huchomwa kwanza ndani. Hili ni jeusi ti tayari, sina haja hata ya kuwasha moto. Linanata kidogo tu.